Wasioitwa Mahakamani



Kesi ya shamba lililouzwa huanza na watu wawili: aliyeuza na aliyenunua. Lakini tazameni ni nani asiyekuwapo. Hayupo mjane anayelima shamba hilo, wala watoto wa marehemu ambao hawakushauriwa, wala msajili wa ardhi aliyetia muhuri. Hukumu hutolewa wao wakiwa mbali, na siku nyumba inapobomolewa ndipo wanapotambua kwamba kulikuwa na kesi.

Sheria haikukusudia hivyo. Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai za mwaka 2010, Agizo la 1, kanuni ya 10, zaipa mahakama uwezo wa kumwingiza kesini, hata bila kuombwa, yeyote ambaye kuwapo kwake kwahitajika ili shauri liamuliwe kikamilifu. Basi mjane asingoje kuitwa. Na apeleke ombi la maandishi pamoja na hati ya kiapo, aonyeshe haki yake katika ardhi ile ni ipi. Uchungu peke yake, ingawa ni wa kweli, mahakama haitaupima.

Mnunuzi aliyeshtakiwa naye ana mlango wake, kanuni ya 15. Akidai kwamba aliyemwuzia ndiye apaswaye kubeba hasara, huomba ruhusa ya kumpelekea notisi ya mtu wa tatu ndani ya siku 14 baada ya hati za madai na majibu kufungwa. Siku 14 tu! Wako mawakili wazipitishao wakiwa usingizini.

Mlango huo una thamani kubwa zaidi sasa. Tarehe 21 Aprili 2023, katika kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, Mahakama ya Juu iliamua juu ya kiwanja cha ufuoni Nyali, ambacho mwaka 1989 kiligawiwa Rais wa wakati huo, Daniel arap Moi. Ilisema kwamba hati miliki haimwokoi mnunuzi ikiwa ugawaji wa kwanza ulikuwa haramu. Anayenyang'anywa ardhi kwa njia hiyo atamdai nani, ikiwa muuzaji hakuletwa mbele ya mahakama ile ile? Ataanza kesi mpya, huku muuzaji amekwisha kuhama.

Kwa hiyo, msikiapo kesi ya shamba katika parokia yenu, nendeni masjala ya mahakama mkaombe kusoma majina ya wahusika. Yaliyokosekana yaandikeni, mkampelekee wakili kabla ya tarehe ya kusikizwa.