Mzee Anaweza Kujifunza Kujikinga

(Mazungumzo na wanakisomo)



Juma lililopita, tulipomaliza somo la hesabu, mama mmoja alibaki darasani. Alisubiri wenzake watoke. Kisha akatuuliza: "Mwalimu, mwanangu, mimi nina miaka 61. Nalala peke yangu. Nikivamiwa usiku nitafanyaje? Hiyo karate wanayocheza vijana, mtu wa umri wangu anaweza kujifunza, au nitachekwa?"

Tulimwomba atupe siku chache tutafute jibu. Leo tunalitoa mbele yenu nyote, kwa sababu swali lile si la mama mmoja.

Kwanza, karate ni nini? Wengi wetu tumeiona kwenye banda la video. Mtu anaruka juu ya paa, anapiga watu 10 peke yake. Ile ni sinema, ndugu zangu. Neno karate ni la Kijapani, na maana yake ni mkono mtupu. Yaani ni kujilinda bila silaha. Mmoja wa watu walioieneza alikuwa mwalimu wa shule, Gichin Funakoshi, wa kisiwa cha Okinawa. Mwaka 1922 alikwenda kuionyesha karate mjini Tokyo. Umri wake ulikuwa umepita miaka 50. Alibaki huko akifundisha, na alifariki mwaka 1957 akiwa na miaka 88.

Mtasema, huyo alianza tangu ujana. Ni kweli. Je, aliyeanza uzeeni yuko wapi? Yuko karibu, katika nchi jirani ya Kenya.

Mjini Nairobi kuna mtaa wa watu maskini unaoitwa Korogocho. Nyumba zimebanana, nyingi ni za mabati. Huko, wanaume waovu walikuwa wakiwavamia bibi vizee na kuwabaka. Sababu moja iliyotajwa ni imani ya uongo kwamba mwanamke mzee hana virusi vya UKIMWI. Tunalisema jambo hili waziwazi. Aibu si ya aliyetendewa. Aibu ni ya aliyetenda.

Bibi wale hawakukaa kulia tu. Waliunda kundi, likaitwa Shosho Jikinge. Shosho ni bibi kwa lugha ya mitaani kule Nairobi. Kwa zaidi ya miaka 10 wamekuwa wakikutana kujifunza kujilinda. Wapo wenye miaka 60, wapo wa 70, na wapo waliopita 80. Wanakuja na sketi zao na vilemba vyao vya kila siku. Wanapanga mstari, wanapiga mfuko uliojazwa vitu laini, na kila wakipiga wanapaza sauti: "Hapana!"

Sasa, mtu mzee asiye na nguvu nyingi anajifunza nini? Anajifunza mambo matatu.

La kwanza ni sauti. Mvamizi anapenda giza na kimya. Ukipiga kelele kwa nguvu, unamshtua, na majirani wanaamka. Msione ni jambo dogo. Wengi wetu tulilelewa kunyamaza, hasa akina mama. Mtu akishikwa, koo linakauka. Kwa hiyo hata kupiga kelele kunahitaji mazoezi.

La pili ni kujua mahali pa kupiga. Mzee hawezi kushindana na kijana kwa nguvu za kifua. Lakini pua ya kijana ni laini kama pua ya mtu yeyote. Macho ni hivyo hivyo, na sehemu za siri pia. Na mkono una zaidi ya ngumi. Ngumi ya asiyezoea huvunja vidole vyake mwenyewe. Heri sehemu ya chini ya kiganja, au kiwiko, au goti. Hata bakora ya kutembelea ni msaada.

La tatu ni kukimbia. Unapiga ili akuachie, akikuachia unakwenda kwa watu. Husimami kumwadhibu. Hiyo ni kazi ya sheria.

Haya basi, mtu wa miaka 50 au 60 aanzeje? Asianze kwa kuruka. Kwanza apite zahanati, apimwe presha, aseme kama ana moyo mbaya au magoti yanayouma. Pili, achangamshe mwili polepole kabla ya kila zoezi: shingo, mabega, kiuno, magoti. Tatu, ajifunze kusimama imara, miguu ikiwa imeachana na magoti yamelegezwa kidogo. Hata asipovamiwa maisha yake yote, zoezi hili litamsaidia asianguke njiani akitoka kisimani. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watu wa miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara angalau siku 3 kwa wiki. Nne, maumivu makali yakija, aache. Mwalimu anayemlazimisha mzee kupiga teke la juu siku ya kwanza si mwalimu. Mkimbieni.

Lakini tusidanganyane. Mkono mtupu haushindi panga. Anayetaka mbuzi au redio, mpeni, mbaki na uhai. Tena mazoezi hayaondoi wajibu wa kijiji. Bibi anayelala peke yake awe na jirani aliyekubaliana naye: nikipiga kelele, njoo na watu.

Na mtu akibakwa, msimfiche ndani. Asioge, asifue nguo zile. Apelekwe hospitali upesi. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinatakiwa kuanzwa kabla ya saa 72 kupita, na zikianzwa mapema zaidi ndiyo vizuri zaidi. Polisi nao wapewe habari.

Ndugu wanakisomo, kumbukeni siku ya kwanza mlipoingia darasa hili. Kalamu iliteleza. Mkono ulitetemeka kuliko ulivyotetemeka kwenye jembe. Watoto walichungulia dirishani wakacheka. Leo mnasoma gazeti hili wenyewe, na watoto wale wale wanawaletea barua muwasomee. Mwili nao ni mwanafunzi wa namna hiyo hiyo. Unajifunza polepole, lakini unajifunza.

Basi mama yetu, jibu lako ni hili: unaweza. Na kama watacheka, wacha wacheke kwanza.

Sisi wenyewe karate hatuijui. Tutatafuta mwalimu anayejua kufundisha watu wazima, tuje naye uwanjani. Siku hiyo hatutasimama mbele yenu. Tutasimama nanyi katika mstari mmoja, tupaze sauti pamoja: "Hapana!"