Ukisikia "Mwizi!", Wewe Ni Nani?



Haya ni mazungumzo niliyowapa vijana msikitini kwetu hapa Mombasa baada ya swala ya Isha. Wengi hamkuwepo na mkaniomba niyaandike. Nimeyaweka karibu vile vile nilivyoyasema.

Vijana wenzangu, naanza na kosa langu mwenyewe, ili mtu asidhani nimekuja hapa kuwahukumu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa Kongowea nasubiri matatu ya kurudi nyumbani. Mtu akapiga kelele: "Mwizi!" Kabla sijageuka, kijana mmoja ashaanguka chini na watu wamemzunguka. Kuna abiria walioshuka kwenye matatu, wakampiga mateke, kisha wakarudi kukaa kwenye viti vyao. Mimi sikumgusa. Nilitoa simu nikarekodi, nikajiambia mimi niko safi.

Usiku nikaicheza ile video. Haionyeshi kitu ila migongo ya watu. Lakini kuna sauti moja iko karibu sana na simu, inasema: "Mshikeni, asitoroke!" Ile sauti ni yangu.

Yule kijana alipakiwa kwenye tuktuk akiwa hajitambui. Kaiba nini? Mmoja alisema simu, mwingine akasema mkoba. Mwenye mali ni nani? Dakika zote zile hakuna aliyejitokeza kusema, "Aliyeibiwa ni mimi." Wala hakuna aliyeuliza. Hata mimi sikuuliza.

Sasa tusije tukaelewana vibaya. Sikuja kumtetea mwizi. Mama anayeuza viazi karai akipokonywa simu, amepoteza M-Pesa yake, namba za wateja wake na pesa ya kununulia mafuta kesho. Na sisi wa Kisauni na Likoni tunajua maana ya kutembea usiku huku unaogopa vijana wenye mapanga. Hasira ya watu ina sababu. Wizi ni dhulma, na Qur'an imeutaja kwa ukali.

Lakini sikilizeni. Sisi katika harakati hii tumesimama miaka mingi tukisema neno moja: ukimshuku ndugu yetu, mpeleke mahakamani. Usimchukue usiku kwa gari lisilo na namba. Usimuue halafu uje utuambie alikuwa mhalifu. Mama zetu wamebeba picha za watoto wao waliotoweka, na tumeandamana nao. Neno letu ni lile lile: hakuna anayehukumiwa kabla hajasikilizwa.

Basi yule kijana wa Kongowea alisikilizwa na nani? Tukinyamaza anapopigwa mawe mwizi wa simu, tutapata wapi uso wa kumkabili askari aliyemuua mshukiwa? Atatuambia, "Hata nyinyi mtaani ndivyo mnavyofanya." Na atakuwa amesema kweli.

Tazameni dini yetu. Safwan bin Umayya, radhi za Allah ziwe juu yake, alikuwa amelala msikitini, ameweka nguo yake chini ya kichwa. Mwizi akaja akaichomoa. Mwizi akashikwa. Safwan hakumpiga mpaka afe, wala hakuita kundi. Alimpeleka kwa Mtume, swallallahu alayhi wasallam. Hukumu ilipotoka Safwan akamwonea huruma, akataka kusamehe. Mtume akamuuliza kwa nini hakusamehe kabla ya kumleta kwake. Ona mafunzo yaliyomo humo. Mwenye mali ana haki ya kusamehe. Ana haki pia ya kushtaki. Kuhukumu na kuadhibu si kazi yake, sembuse mimi mpita njia ambaye hata nguo si yangu.

Na sheria ya nchi yetu inasemaje? Kifungu cha 34 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai kinamruhusu raia kumkamata mtu anayetenda kosa la aina hii mbele ya macho yake. Kifungu cha 35 kinamtaka amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Kushika, unaruhusiwa. Kupiga, huruhusiwi. Katiba ya 2010, kifungu cha 49, inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya mahakama inayofuata. Wizi wa kawaida, kwa kifungu cha 275 cha sheria ya adhabu, ni kifungo kisichozidi miaka 3. Miaka 3! Na sisi steji tunatoa hukumu ya kifo kwa dakika 10.

Halafu kuna jambo vijana wengi hawalijui. Vifungu vya 20 na 21 vya sheria hiyo vinasema anayesaidia au kuchochea kosa anahesabiwa pamoja na aliyelitenda. Aliyeleta tairi, aliyetoa petroli kwenye boda yake, aliyepiga kelele "Choma huyo!", wote wanaweza kusimama kizimbani kwa mauaji. Huwezi kumwambia hakimu kwamba mlikuwa wengi.

Najua mtakaloniambia, kwa sababu siku ile kijana mmoja aliinua mkono akasema: "Kaka, tukimpeleka kituoni, kesho kutwa tunamwona mtaani anatucheka." Ni kweli, hutokea. Na wapo askari wanaokula hongo, hilo nalo tulipigie kelele. Lakini hebu tuulizane: walioona ni watu 60, waliokwenda kuandikisha taarifa ni wangapi? Mara nyingi hakuna hata mmoja. Kesi inataka mlalamishi, inataka mashahidi, inataka ile simu iliyoibwa kama kielelezo. Sisi tunatawanyika, mwenye simu anachukua simu yake na kwenda zake, halafu tunamlaumu hakimu. Atamfunga kwa ushahidi gani? Siku za mwizi ni arobaini, lakini siku ya arobaini anahitajika mtu wa kusimama na kusema, "Mimi nilimwona." Qur'an inatukataza kuficha ushahidi. Tuna mikono ya kupiga, ila ulimi wa kushuhudia hatuna.

Kuna wizi wa aina nyingine pia, ule wa kimya. Uko supamaketi, unamwona mama anaingiza pakiti ya maziwa ndani ya buibui. Hapa wengi wetu hufanya moja kati ya mawili. Wa kwanza anageuza uso, anasema hayanihusu. Wa pili anapiga kelele, walinzi wanamshika, wanambebesha ile pakiti na kumpiga picha, jioni picha iko kwenye kila kundi la WhatsApp. Watoto wake wataiona. Wakwe zake wataiona. Kosa la maziwa litalipwa kwa heshima ya ukoo mzima, na kifungu cha 28 cha Katiba kinasema kila mtu ana hadhi inayopaswa kuheshimiwa.

Lakini kunyamaza nako msikuite huruma. Kuna maduka ambako bidhaa ikipotea, dada wa kaunta ndiye anayekatwa mshahara. Kwa hiyo kuna mtu analipa, na huenda naye ana watoto wanaosubiri maziwa.

Basi msogelee. Sema polepole, "Mama, nimekuona. Yarudishe, au kama ni shida niambie." Ukiwa na uwezo, lipa wewe. Huna, mrudishie nafasi ya kuweka kitu chake chini bila watu kujua. Kusitiri ni huko. Na ukigundua ni shida ya kweli, mfikishe kwa kamati ya zaka ya msikiti. Na kama kamati haijui nani analala njaa kwenye mtaa wake, hilo ni swali letu sote, na kiongozi wa msikiti aulizwe.

Na ukisikia "Mwizi!" barabarani, fanya hivi. Kwanza, usikimbilie peke yako. Shika mkono wa mwenzako mmoja au wawili, kwa sababu mtu mmoja akizuia kundi huambiwa naye ni mwizi. Pili, uliza kwa sauti kubwa: "Aliyeibiwa ni nani? Ajitokeze!" Swali hilo hupoza watu, kwa sababu wengi hawana jibu. Tatu, mkalisheni mshukiwa chini, mgongo ukutani, nyinyi mkiwa mbele yake. Nne, pigeni 999 au 112, na muiteni mzee wa mtaa au imamu. Tano, nendeni kituoni pamoja na mwenye mali, mwandikishe taarifa na mchukue nambari ya OB. Ukirekodi, rekodi kwa ajili ya ushahidi, isiwe kwa ajili ya kusambaza. Na akiwa na silaha, usijifanye shujaa. Itazame sura yake, jua alikoelekea, piga simu.

Mtume, swallallahu alayhi wasallam, alitufundisha kumsaidia ndugu yetu akiwa amedhulumiwa na hata akiwa ndiye dhalimu, na kumsaidia dhalimu ni kumzuia asidhulumu. Siku ile Kongowea kulikuwa na ndugu wengi wa kuzuiwa, si yule mmoja tu aliyekuwa chini. Na mimi nilikuwa mmoja wao.

Ile video niliifuta, lakini sauti yangu ningali naisikia. Namwomba Allah anisamehe, na awajaalie nyinyi, siku yenu ikifika, sauti yenu iwe ndiyo inayouliza, "Aliyeibiwa ni nani?"

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.