Kuonja Tu: Pombe Yenye Ladha ya Matunda na Usalama wa Mtoto

Mimi ni muuguzi wenu wa jamii. Leo nitazungumza kuhusu jambo lililonipata mwenyewe nyumbani kwangu. Sikulisoma kitabuni, na si rahisi kulisema, lakini naona nikinyamaza litampata mama mwingine.

Ilikuwa sikukuu ya Krismasi. Shemeji yangu alikuwa amekuja likizo kutoka Ubelgiji, na katika zawadi zake alileta chupa kubwa mbili zenye picha ya matunda mekundu. Alitueleza kwamba ni bia ya shambani. Zamani wakulima wa huko, hasa upande wa Wallonia wanakozungumza Kifaransa, walikuwa wakiipika wakati wa baridi, kisha wakawapa vibarua wao wakati wa mavuno. Huitwa "saison", neno la Kifaransa lenye maana ya msimu. Siku hizi watengenezaji wadogo huongeza matunda ndani yake.

Sote tulitaka kuonja. Mama mkwe alinusa kwanza, akanywa funda moja, akacheka, akasema, "Kumbe hata wazungu wana muratina yao!" Na kweli hakukosea sana. Muratina yetu hutengenezwa kwa asali au maji ya miwa, na lile tunda la mti wa mwatine lililokaushwa ndilo linalobeba hamira ya kuichachusha.

Nami nilionja. Ilikuwa na uchachu kidogo, povu jeupe, na harufu tamu ya matunda iliyojaa puani. Ukali wa pombe haukusikika kabisa. Ungenifunga macho ungeniambia ni juisi, ningekubali.

Wasikilizaji wapenzi, hapo ndipo hatari ilipo. Matunda yanapotiwa katika pombe inayochacha, hamira hula sukari ya yale matunda na kuigeuza kuwa pombe na gesi. Harufu ya tunda hubaki, lakini sukari nyingi imeshageuka. Kwa hiyo usidhani kwamba kinywaji kikiwa na matunda basi kina nguvu kidogo. Nilipoisoma ile chupa baadaye, iliandikwa asilimia 6.5. Chupa ilikuwa ya mililita 750. Ukipiga hesabu, ndani yake mna karibu mililita 49 za pombe tupu. Hiyo ni karibu vijiko kumi vya chai.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Jioni wageni walipoanza kuondoka, sote tulitoka kuwasindikiza hadi barabarani. Glasi tuliziacha pale pale. Yangu niliiweka juu ya kigoda, ikiwa na kinywaji karibu nusu. Tuliporudi, nilimkuta mwanangu wa miaka mitatu amelala sakafuni kando ya kile kigoda, na glasi haina kitu. Nilidhani amechoka kwa kucheza. Nilipomwinua, shingo ililegea, mikono ilikuwa baridi, na pumzi yake ilinuka yale matunda.

Mimi ni muuguzi. Nimewafundisha akina mama wengi kliniki kuhusu mafuta ya taa na dawa za panya. Lakini glasi ile ilikuwa yangu, na ni mimi niliyeiweka mahali ambapo mtoto angeifikia.

Tulimkimbiza hospitali. Walimpima sukari kwenye damu, wakakuta imeshuka sana. Wakamwekea dripu yenye sukari, wakamfunika apate joto, na wakakaa wakimwangalia usiku kucha. Asubuhi aliamka akaomba uji. Namshukuru Mungu kwamba tulifika mapema.

Kwa nini nusu glasi imwangushe mtoto hivyo? Mwanangu alikuwa na kilo 13. Mtu mzima wa kilo 65 ana uzito mara tano ya huo. Basi nusu glasi kwake ilikuwa kama mtu mzima kunywa glasi mbili na nusu kwa mara moja. Tena, ini la mtoto halina akiba kubwa ya sukari, na pombe hulizuia kutengeneza sukari nyingine. Sukari ikishuka mno, mtoto anaweza kupata degedege, kupoteza fahamu, hata kufa.

Mama, ukishuku kwamba mtoto amekunywa pombe ya aina yoyote, iwe ya chupa, busaa, mnazi, muratina au chang'aa, fanya hivi:

Kwanza, usimtapishe. Usimtie vidole kooni, wala usimnyweshe maji ya chumvi. Matapishi yanaweza kuingia kwenye mapafu.

Pili, usimwogeshe maji baridi na usimpe kahawa. Mwili wake tayari unapoteza joto. Mfunike kwa blanketi.

Tatu, kama yuko macho kabisa na anameza vizuri, mpe maji yenye sukari au uji mtamu kidogo kidogo mkiwa njiani. Kama amelegea au ana usingizi mzito, usimpe chochote mdomoni. Mlaze kwa ubavu na uangalie anavyopumua.

Nne, mpeleke hospitali mara moja. Usisubiri "alale iishe". Beba ile chupa, ama umweleze mhudumu ni kinywaji gani, kiasi gani, na saa ngapi. Usifiche kwa aibu. Aibu yako haitamtibu mtoto.

Sasa niwarudishe siku ile ile, kwa sababu kuna jambo lingine. Wifi yangu alikuwa na mimba ya miezi mitano. Glasi ilipomfikia aliniuliza, "Dada, kuonja tu kuna ubaya?" Wengine wakamjibu kabla yangu: "Ni matunda hayo, yataongeza damu!" Nilimwambia aiache, naye akaiacha. Nawaeleza na ninyi sababu yake.

Pombe anayokunywa mama hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni. Ini la mtoto bado halijakomaa la kuiondoa. Inaweza kuharibu ubongo wake unaojengwa, na madhara hayo hudumu maisha yote: mtoto mdogo kwa umbo, mzito wa kujifunza, asiyetulia. Hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama katika mimba, wala hakuna mwezi ulio salama. Bia ya matunda haiongezi damu. Damu huongezwa na vidonge vya madini ya chuma unavyopewa kliniki, mboga za kijani, maharagwe, nyama na maini kwa kiasi. Na kama ulikunywa kabla hujajua una mimba, usikae ukijilaumu. Acha leo, na umweleze muuguzi wako.

Mama anayenyonyesha naye huniuliza, "Si pombe huongeza maziwa?" Hapana. Watafiti waliochunguza jambo hili walikuta kwamba mama akinywa pombe, mtoto hupata maziwa machache kuliko kawaida. Pombe iliyo katika damu ya mama huingia katika maziwa yake, na hufikia kilele kati ya nusu saa na saa moja baada ya kunywa. Kukamua na kumwaga hakuiharakishi kutoka. Ni muda tu unaoitoa. Lililo bora ni kutokunywa. Ikitokea umekunywa kinywaji kimoja, ngoja angalau saa mbili kabla ya kunyonyesha. Na siku hiyo usilale kitanda kimoja na mtoto mchanga, kwa maana usingizi wa pombe ni mzito na unaweza kumlalia bila kujua. Ukitaka maziwa yaongezeke, mnyonyeshe mtoto mara nyingi, kunywa maji, uji na supu, na upate mapumziko.

Kuna desturi moja naomba tuiache. Ni ile ya kuchovya kidole katika pombe na kumpa mtoto alambe ili watu wacheke, au kumpa kijiko kidogo ili alale. Pombe si dawa ya usingizi wala ya minyoo. Tena unamfundisha kuizoea ladha hiyo. Sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010 inakataza kumuuzia pombe mtu aliye chini ya miaka 18. Itakuwaje dukani akataliwe, na nyumbani apewe na mamake?

Na mnaponunua vinywaji, msidanganywe na picha ya embe au zabibu kwenye chupa. Tafuteni ile alama ya asilimia, au herufi "alc." na "vol". Zikiwapo, hiyo ni pombe, hata kama inanukia kama juisi. Hata hizo tunazopika nyumbani, zisizo na karatasi yoyote, msiziweke kwenye chupa za soda au za maji. Mtoto haoni tofauti.

Nyumbani kwangu sasa tuna kanuni moja. Kabla ya kuwasindikiza wageni, mtu mmoja hubaki, na kila glasi humwagwa na kuoshwa. Huchukua dakika tano tu. Mama mkwe ndiye anayeisimamia, na hana mchezo.

Mwanangu ni mzima, anaenda shule ya chekechea. Lakini mpaka leo nikisikia harufu ya matunda yale, moyo wangu hupiga haraka. Sitaki ninyi mpate kuijua harufu hiyo kwa njia niliyoijua mimi.

Kwa leo tukomee hapo. Mwambie na jirani yako ambaye hakusikiliza.