Majani ya Msituni Huenda Wapi?



Katika msitu wa Kakamega majani huanguka mwaka mzima, lakini hayalundikani hata yakafika magotini. Jongoo na nyungunyungu huyatafuna. Kisha ukungu na viini visivyoonekana kwa macho huyamaliza, yakawa udongo mweusi unaolisha mizizi.

Lakini watumishi hao hutaka maji. Kiangazi kikikaza, jongoo hujificha ardhini na kazi hupungua sana. Mchwa ni hodari zaidi: hujijengea njia za udongo zenye unyevu, akaendelea. Mwaka 2008 wataalamu walitangaza matokeo ya nyasi zilizowekwa zioze mahali 30 katika mabara 6. Penye joto na mvua nyingi, wadudu waliharakisha kuoza. Palipokuwa pakavu, msaada wao haukuonekana.

Basi mtu akifyeka msitu, jua hupiga ardhi, unyevu hutoka, na watumishi wale hupungua. Naye achomaye majani yaliyo chini ya migomba yake hupeleka sehemu ya chakula cha mimea angani pamoja na moshi, na majivu yanayobaki huweza kuchukuliwa na mvua ya kwanza.