Kisima na Sijili Yake



Kisima cha maji hujulikana kwa nyayo za wachotaji. Lakini kisima cha mafuta au cha gesi, kikisha kuzibwa kwa saruji, mtambo ukang'olewa na majani yakaota, hakina tena shahidi ila karatasi. Nia yangu jioni hii ni kuthibitisha neno moja: kwamba sijili ya kisima ni amana ya umma, wala si mali ya aliyechimba, akaondoka nayo.

Tulikunjue gombo moja la vipimo. Mistari iliyochorwa na ala zilizoteremshwa shimoni huyumba kushoto na kulia, ikieleza wapi pana mfinyanzi, wapi pana mchanga, na mchanga upi umebeba gesi badala ya maji. Mgeni huiangalia mistari. Mjuzi huanza na maandishi ya juu, akauliza: kina hiki kimepimwa kutoka sakafu ya mtambo, au kutoka usawa wa bahari? Na mahali hapa pamehesabiwa kwa kanuni ipi? Kwani nambari zile zile, zikisomwa kwa kanuni ya zamani ya Afrika Mashariki iitwayo Arc 1960, kisha zikasomwa kwa kanuni ya setilaiti, huonyesha mahali pawili palipoachana kwa takriban mita 300. Na hati iliyokosa neno hilo moja, jina la kanuni, humpeleka mtu kwenye shamba lisilo lake.

Na pasipo na hati kabisa, hasara huzidi. Huko Pennsylvania, Marekani, tangu Edwin Drake alipoyafikia mafuta kwa kina cha mita 21 hivi mwaka 1859, watu walichimba kwa miongo mingi kabla sheria haijawalazimisha kuandikisha. Baadhi ya mabomba yaling'olewa yakauzwa kama chuma chakavu, na leo watafutaji hupita na ala za sumaku juu ya visima hivyo wasione dalili, ijapokuwa vingine vingali vikivuja gesi.

Sasa tazameni Mtwara. Mwaka 1982 kampuni ya AGIP iligundua gesi Mnazi Bay, na kwa kuwa haikuwa na soko, kisima kikaachwa. Mwaka 2005 kampuni nyingine ilikirejea kisima kile kile, ikakifungua, na gesi ya hapo ikaja kuwasha taa za Mtwara. Kisima kilichozibwa hakifunguliwi kwa kubahatisha: sharti ijulikane saruji iko kina gani, bomba lina upana gani, na gesi ina shinikizo kiasi gani; na hayo husomwa katika sijili.

Atasema mtu kuwa aliyetoa fedha zake ana haki ya siri. Naam, anayo, lakini kwa muda. Norway hufungua vipimo vya kisima kwa kawaida baada ya miaka 2, na biashara haikufa. Hata kisima kikavu kina faida: vile vya Unguja na Pemba, vilivyochimbwa na BP na Shell miaka ya 1950 na 1960, havikutoa mafuta ya kuuzwa, lakini vilitoa habari za miamba ambazo, sijili ikipotea, hazipatikani ila kwa kuchimba tena kwa gharama mpya.

Kwa hiyo nawasihi wenye mamlaka: andikeni kina pamoja na chanzo cha kipimo, andikeni mahali pamoja na kanuni yake, na mlango wa ghala la nyaraka umfungukie mwanafunzi kama unavyomfungukia mwekezaji. Saruji huziba kisima mara moja. Sijili hutunzwa kila siku.