Wino Ukigoma: Mazungumzo na Vijana wa Picha, Ukunda



Leo hatukuja kuwakumbusha habari ya akiba. Tumekuja kuzungumza juu ya wino, maana wino ndio unaokula faida ya kikundi.

Mnamkumbuka yule mama aliyetoka upande wa Msambweni na picha ya marehemu mumewe, ile ya nyeusi na nyeupe iliyopigwa studio zamani. Alitaka nakala nne, kila mtoto apate yake. Tulipomkabidhi aliitazama, akanyamaza, halafu akasema: "Wanangu, baba yao alikuwa mweusi. Huyu ni wa kijani." Tukaona haya. Ndipo lawama zikaanza, mara huyu, mara yule, na printa ikasafishwa mara saba mpaka wino ukaisha. Kupata mwingine ni kuvuka feri ya Likoni. Hasara tupu!

Basi tufuate utaratibu.

Kwanza, tujue kijani kilitoka wapi. Printa nyingi ndogo hazichapi picha kwa wino mweusi peke yake. Huchanganya samawati, waridi na manjano ili kupata kijivu. Waridi ukipungua, sura inageuka kijani. Kwa hivyo kabla ya kugusa chochote, chapeni ile karatasi ya kukagua matundu ya wino. Mistari ikiwa imekatika, kuna tundu limeziba, au wino umekwisha.

Pili, ikiwa wino upo, safisheni kichwa cha printa mara moja, kisha mkague tena. Bado? Rudieni mara moja tu. Ikikataa, iacheni ipumzike hata usiku kucha, halafu mjaribu. Kila mkisafisha, wino mzuri unamwagwa ndani ya mashine. Ni pesa hiyo, jameni.

Tatu, mistari ikiwa mizima na picha bado ina rangi, chagueni kwenye kompyuta kuchapa kwa wino mweusi tu. Huenda vidoa vidogo vikaonekana penye mwanga wa uso, lakini kijani kitaondoka. Hapo angalieni karatasi. Wino mweusi ulio wa chembechembe haushiki vizuri karatasi inayong'aa. Ukipitisha kidole unafutika. Tumieni karatasi ya picha isiyong'aa, na mwiambie kompyuta ukweli kuhusu karatasi mliyoweka.

Nne, hewa yetu ya pwani ina unyevu, hasa wakati wa masika. Wino huchelewa kukauka. Msizipange picha moja juu ya nyingine zikiwa mbichi, wala msizitie kwenye fremu siku hiyo hiyo. Karatasi zilizobaki zirudi ndani ya mfuko wake, ufungwe.

Tano, zimeni printa kwa kitufe chake, si kwa kuchomoa waya ukutani. Ikizimwa vizuri, kichwa hurudi mahali pake na matundu hufunikwa. Stima ikipotea katikati ya kazi, ikirudi tu iwasheni, muizime kwa utaratibu. Na msikae majuma bila kuchapa. Hata ukurasa mmoja kwa juma unasaidia.

Sita, wino wa kujaza uwe wa aina iliyoandikiwa printa hiyo. Rahisi ya leo inaweza kuziba kichwa kizima kesho.

Yule mama tulimwita tena. Tulichapa kipande kidogo cha majaribio kwanza, tukakipeleka nje kwenye mwanga wa jua, tukahakikisha ni cheusi kweli. Kisha zile nne. Hatukumtoza senti nyingine. Alizitazama moja moja, akasema, "Ee, ndiye," akazifunga kwenye leso yake. Picha ya asili tulimrudishia mkononi, maana hiyo haina nyingine.

Andikeni hatua hizi mzibandike ukutani, karibu na mashine. Na mteja asipewe picha ambayo nyinyi wenyewe msingeitundika nyumbani kwenu.

Sasa, nani ana swali?