Mapigano ya Mahiwa na Watu Wasioandikwa Majina



Wahenga walisema ya kwamba fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi. Methali hiyo yajulikana na kila mtu. Lakini katika Vita Vikuu vya Kwanza nyasi hazikukanyagwa tu: zilishikishwa bunduki, zikatwishwa na mizigo. Habari za Mahiwa zaonyesha jambo hilo waziwazi.

Msafiri aendaye Masasi kutoka Lindi, kusini ya Tanzania, hupita Nyangao. Karibu na hapo ndipo Mahiwa. Tangu tarehe 15 hata 18 Oktoba, 1917, palipiganwa hapo mapigano yaliyo miongoni mwa makali kabisa katika vita vile vya Afrika ya Mashariki. Hata hivyo watu wengi hawajapata kulisikia jina lake.

Zamani zile nchi hiyo ilikuwa koloni ya Wajeremani, ambao wazee waliwaita Wadachi. Mkuu wa majeshi yao alikuwa Paul von Lettow-Vorbeck. Waingereza walikuwa wakimsukuma kutoka pwani ya Lindi kuelekea bara, chini ya amri ya Jenerali Beves. Askari wa Nigeria walitumwa wazunguke nyuma ya Wadachi waliokuwa Mahiwa, ili wawazibie njia ya kurudi. Lettow akapata habari, akaja upesi na askari wa kuwasaidia wenzao, na Waingereza hawakujua. Waliotumwa kuzingira wakazingirwa wao. Wanigeria wakachimba mahandaki na kujitetea, huku Beves akiwapeleka askari wake, na KAR miongoni mwao, kuwakabili adui uso kwa uso siku baada ya siku.

Vichaka vya huko vilikuwa vizito, hata askari hakumwona adui mpaka awe karibu naye. Alichokitambua kwanza ni sauti ya bombomu, kisha wenziwe kuanguka. Upande mmoja ukishambulia hurudishwa, na upande wa pili ukafanya vivyo hivyo, na ardhi iliyogombewa ni ile ile.

Waingereza walikuwa na watu wapatao 4,900. Zaidi ya 2,700 kati yao waliuawa, walijeruhiwa au walipotea. Wadachi walikuwa kama 1,500, wakapoteza watu 500 na zaidi. Kwa hesabu hiyo Lettow alishinda. Lakini ushindi ule ulimfilisi, kwa maana hakuwa na njia ya kupata watu wengine wala risasi nyingine. Alirudi nyuma, na mwezi wa Novemba mwaka ule ule akavuka mto Ruvuma na kuingia nchi ya Wareno. Hakuweka silaha chini mpaka tarehe 25 Novemba, 1918, huko Abercorn, mji uitwao leo Mbala, nchini Zambia.

Jambo moja lastahili kufikiriwa sana. Askari wengi wa pande zote mbili walikuwa Waafrika. Wadachi waliwaamuru askari wao kwa Kiswahili, na lugha hiyo hiyo ilisikika katika vikosi vingi vya KAR. Tena mwaka huo wa 1917 kikosi cha sita cha KAR kiliundwa kwa kuwaandikisha watu waliokuwa kwanza askari wa Wadachi. Mtu aliyeitwa adui jana aliitwa mwenzi leo, naye ni yule yule. Ugomvi haukuwa wake.

Nyuma ya askari walikuwako wapagazi. Magari hayakufaa katika njia nyingi, na wanyama waliuawa na ndorobo. Kwa hiyo chakula na risasi vilichukuliwa vichwani. Wengi wa watu hao hawakwenda kwa hiari yao. Walikufa zaidi kwa malaria, kuhara damu na homa ya mapafu kuliko kwa risasi. Hesabu ya serikali ya Kiingereza ilitaja vifo zaidi ya 40,000, na wataalamu wa historia wa leo wasema idadi yao ilizidi hapo sana. Mitaa ya Kariakor, Nairobi, na Kariakoo, Dar es Salaam, ilipata majina yake kutokana na kikosi chao.

Je, majina yao wenyewe yako wapi? Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam zina sanamu za askari zilizosimamishwa miaka ya 1927 na 1928, lakini sanamu haitaji jina la mtu. Mwaka wa 2021 tume ishughulikayo na makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri na kuomba radhi. Ilisema kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Walioshuhudia Mahiwa wamekwisha kufa wote. Lakini katika nyumba nyingi lingali lipo neno moja la mzee: babu alichukuliwa vitani, asirudi. Neno hilo ni mali. Mwenye kulijua na aliandike, pamoja na jina la mtu na kijiji chake, awasomee watoto wake. Aliyeuchukua mzigo wa wengine asinyimwe hata jina lake.